Kina cha Kijitoni

Kalekye Nzomo alizaliwa Mwingi, mahali ambapo maji hufuatwa kwa punda, akaja kupata riziki yake kwa kuchora bandari. Jambo hilo lilimshangaza yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote. Alisomea uchoraji wa ramani za ujenzi katika chuo cha ufundi hapa Nairobi, akitarajia kuchora maghorofa kama wenzake, lakini ofisi ya kwanza iliyomwita kazini ilikuwa ya wahandisi wa mambo ya pwani. Ilikuwa mtaa wa Karen, ndani ya nyumba ya mawe ya zamani yenye ua mkubwa na mbwa wawili wazee, na mle ndani watu walishinda wakizungumzia mawimbi na mchanga kana kwamba bahari iko nyuma ya ua.

Mwenye ofisi aliitwa Injinia Waithera, mwanamke wa makamo, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Ndiye aliyemfundisha Kalekye maneno ya kazi. Alimketisha mezani akamchorea kwa kalamu ya risasi. Bandari si jengo, alimwambia. Bandari ni maji yaliyotulia. Ukitaka maji yatulie unajenga boma la mawe baharini, mawimbi yavunjikie hapo. Boma unaliachia mlango, na mlango usielekee kule mawimbi yanakotoka. Ndani unajenga gati, ukuta wa kusimamishia chombo, kiegemee, kifungwe kamba, watu washuke. Kisha kuna chombo chenyewe. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, na ule mti wa chini kabisa unaobeba mbavu zote ni mkuku. Pima kutoka usawa wa maji hadi kwenye mkuku, hapo ndipo utajua chombo kinazama kiasi gani, na kina cha maji lazima kizidi hapo, tena kizidi kwa nafasi, maana wimbi hukiinua chombo na kukishusha.

Kalekye aliyapenda maneno hayo. Alikuwa akirudi nayo nyumbani Uthiru na kumsimulia mdogo wake Yvonne, aliyekuwa akiishi naye huku akisomea uuguzi. Yvonne alimcheka. Alimwambia anachora bahari nzima na hapa kwao mfereji unatoa maji mara moja kwa wiki. Lakini siku za wikendi marafiki wa Yvonne walipokuja, ni yeye Yvonne aliyewaonyesha michoro ya dadake kwenye kompyuta, akiwaeleza kwa majivuno gati ni nini na boma ni nini.

Kazi kubwa ya kwanza aliyokabidhiwa Kalekye peke yake ilikuwa bandari ndogo ya Kijitoni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa pwani. Kijitoni hapakuwa na pa kushukia. Maji yakikupwa, vyombo vilisimama mbali, nje ya miamba, na abiria wakateremka majini na mizigo vichwani. Wagonjwa walibebwa mabegani. Mama mmoja alijifungulia majini, maji yakiwa kiunoni. Habari hiyo ilikuwa kwenye maelezo ya mradi, na Kalekye aliisoma mara nyingi wakati kazi ilipomchosha. Hakuwahi kupelekwa Kijitoni, lakini ilifika wakati akawa anakijua kuliko mtaa wake: pale mwamba unapoinuka, pale mchanga unapojikusanya, pale mlango wa boma unapopinda ili mawimbi ya upepo wa kusi yasiingie moja kwa moja.

Ujenzi ulipokaribia kumalizika, waliotoa kazi waliomba kibao kikubwa cha kusimamishwa gatini, kwa Kiswahili, kinachoonyesha umbo la bandari, jina la kila sehemu na kina cha maji, ili manahodha wajue namna ya kuingia. Kalekye alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mchoro wake utasomwa na watu wa kawaida. Aliandika boma, mlango, gati, maboya. Mlangoni aliandika kina: mita tatu. Chini kabisa akaongeza mstari wa maandishi madogo kwamba vina vyote vimepimwa kutoka usawa wa kati wa bahari.

Injinia Waithera alikiangalia kibao hicho akiwa amesimama, mkoba begani, gari la kumpeleka uwanja wa ndege likimsubiri nje. Alisema kimejaa mno. Alisema mtu aliye chomboni hawezi kusoma maandishi ya sisimizi, ayatoe, aikuze namba. Kalekye alimuuliza kama manahodha watajua kina kimeanzia wapi.

"Hao watu wanaijua bahari yao, Kalekye," alijibu Waithera akielekea mlangoni. "Weka namba kubwa waione."

Kalekye aliyafuta maandishi. Akaikuza namba. Siku iliyofuata akapeleka mchoro River Road, kwa Nzau, mchapishaji aliyekuwa akiwafanyia ofisi kazi za mabango, na Nzau akauchapa juu ya bati jeupe. Kibao kilipokauka walikisimamisha kando ya barabara ili wakitazame. Wapita njia walisimama. Mwenye duka la misumari la jirani aliuliza bandari hiyo iko wapi, na Kalekye akamweleza, naye akasema akienda pwani atapita kuiona.

Bandari ilifunguliwa kwa ngoma na utepe. Siku chache baadaye, asubuhi, Kalekye akiwa ofisini akinywa chai, mhasibu alitoka chumbani kwake na simu mkononi akasema chombo cha abiria kimepinduka Kijitoni. Kilikuwa kikiingia bandarini. Kiligonga chini mlangoni, kikakwama, wimbi likakigeuza ubavu, lingine likakilaza. Watu saba walikufa. Nahodha alikuwa hai, na jina lake lilikuwa Hemed.

Ofisi nzima ilikusanyika kwenye televisheni. Mtu mmoja wa kijijini, nguo zake zikiwa bado zimelowa, alisema chombo kilijaa watu kupita kiasi. Mwingine akasema nahodha alilala usukanini. Waithera alikuwa na mikono kinywani. Alirudia mara kadhaa kwamba mlango ule ulikuwa mpana vya kutosha.

Kalekye alirudi kwenye meza yake akafungua jedwali la maji ya pwani. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, wakati maji hujaa sana na kukupwa sana, na saa nne asubuhi, saa ya ajali, ndipo maji yalipokuwa yamekupwa kabisa. Hapo akafahamu. Watu wanaopima nchi kavu huanza kuhesabu kutoka usawa wa kati wa bahari, katikati ya kujaa na kukupwa. Mabaharia huanza kutoka chini kabisa, pale maji yanapoishia yakikupwa, ili mtu akisoma mita tatu ajue kwamba hata siku mbaya kabisa mita tatu zipo. Kati ya mwanzo mmoja na mwingine, katika pwani yetu, pana karibu mita mbili. Mita tatu za kibao cha Kijitoni, siku ya bamvua, zilikuwa mita moja. Na chombo kile kikiwa na watu kilizama zaidi ya hapo.

Hakumwambia mtu. Wakati wa chakula alitoka akakaa uani na wale mbwa. Alijiambia kwamba manahodha wanaijua bahari yao. Aliyarudia maneno hayo siku nzima, na aliporudi Uthiru Yvonne alikuwa ameshaona habari.

"Kale, si hiyo ndiyo ile bandari yenu?" aliuliza.

Kalekye alisema ndiyo, akaingia jikoni kukata sukuma wiki.

Ilipita miezi. Kamati ya uchunguzi iliundwa, ikaketi katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, na Kalekye akaomba ruhusa ya siku moja akaenda kusikiliza. Alikaa viti vya nyuma. Nahodha Hemed aliitwa kabla ya adhuhuri. Alikuwa mzee kuliko alivyomdhania, kanzu yake imekunjamana, kofia ameishika mkononi. Aliulizwa kama alibeba watu kuliko leseni inavyoruhusu, akakubali. Aliulizwa kama jaketi za kuokolea maisha zilitosha, akasema hazikutosha. Aliulizwa sasa kwa nini aliingia mlangoni wakati maji yamekupwa, yeye mwenye umri wote ule baharini. Alisema kibao kiliandikwa mita tatu.

Wakili aliyekuwa akimhoji akamuuliza, yeye huendesha chombo kwa kutazama bahari au kwa kutazama vibao. Baadhi ya watu ukumbini walicheka. Mzee alingoja wamalize kucheka, kisha akarudia kwamba kibao kiliandikwa mita tatu.

Kalekye alitoka nyuma yake. Mzee aliteremka mtaani polepole, akisimama kila kona kuuliza njia, mpaka River Road, kwenye nyumba ya wageni ya bei nafuu alikofikia. Alikuwa karibu kupanda ngazi pale Kalekye alipomsalimu, akamwambia jina lake, akamwambia yeye ndiye aliyechora kibao cha Kijitoni. Mzee alimtazama usoni. Kisha akamuuliza kama ameshakula.

Waliketi katika hoteli ndogo iliyo chini ya ile nyumba ya wageni. Hemed aliagiza chai lakini hakuinywa. Alimweleza kwamba anaye binti yake hapa Nairobi, Nisreen, mwalimu wa madrasa huko Kangemi, ila ameona haya kumwendea kwa sababu katika wale saba mmoja ni Fahim. Fahim alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake Khamisa, na ndiye aliyekuwa baharia wake. Alikuwa na mke na mtoto mchanga. Nisreen na Fahim walilelewa nyumba moja.

Kalekye alisema anataka kumweleza kuhusu zile mita tatu. Aliisogeza glasi ya chai kati yao. Akaweka kidole katikati ya glasi akasema hapa ndipo wapimaji wa bara wanapoanzia kuhesabu, kisha akakishusha mpaka chini kabisa, palipotuama majani ya chai, akasema na hapa ndipo mnapoanzia nyinyi. Namba aliyoiandika ilihesabiwa kutoka katikati. Kulikuwa na maandishi ya kusema hivyo, naye ndiye aliyeyafuta.

Mzee aliikodolea macho glasi. Wahudumu walikuwa wakipita na sahani za mandazi, redio ikipiga kelele, na yeye akawa kama mtu aliye peke yake.

"Kwa hivyo maji yale yalikuwako kwenye kibao tu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuwa na bildi chomboni, mwanangu." Akaonyesha kwa mikono kamba ndefu, na risasi nzito mwisho wake, ya kutosa majini ili kupima kina. "Tangu ujana wangu sijaingia mahali nisipopajua bila kutia bildi. Tulipofika mlangoni Fahim aliniuliza, 'Mjomba, nitie bildi?' Nikamwambia ya nini, na kibao kishatupimia."

Kalekye alianza kulia. Hemed hakumbembeleza wala hakumlaumu. Alingoja, kama alivyongoja ukumbini watu walipocheka. Kisha akamuuliza kama maneno haya atayasema mbele ya kamati.

Kalekye alisema atayasema.

"Usiyaseme kwa ajili ya leseni yangu, maana hiyo wataichukua, na wana haki," alisema mzee. "Nilibeba watu wengi. Lakini dada yangu anaamini nililala usukanini. Hilo ndilo nataka lisikike."

Ilimbidi Kalekye amwambie kwanza Injinia Waithera, maana aliona si ungwana kumvizia mtu aliyemfundisha kazi. Alimwambia siku iliyofuata. Waithera hakupandisha sauti. Jioni alimpa lifti mpaka Uthiru, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na walipofika akaegesha gari kando ya Waiyaki Way, taa za gari zikiwaka, malori yakipita na kulitikisa gari. Alisema hajalala vizuri tangu siku ile. Alisema wafanyakazi wote wa ile ofisi wana watoto. Mchoro wa ujenzi, ule mkubwa, una maelezo yote, na kisheria huo ndio wa kuangaliwa, kibao ni pambo.

"Sikwambii udanganye," alisema mwishowe. "Jibu tu unachoulizwa. Usiongeze."

Kalekye alimshukuru kwa lifti akateremka. Alimweleza Yvonne habari yote kwa mara ya kwanza. Yvonne alisikiliza, akasema kazi itaenda, hiyo ajue, na rent watatafuta njia. Kisha akasema:

"Lakini hiyo kitu ukiifungia ndani itakuua, Kale. Mimi nakuona."

Alipoitwa mbele ya kamati, Waithera alikuwa ameketi safu ya mbele. Hemed hakuwapo, alikuwa amechukuliwa na binti yake Kangemi, presha ikiwa imempanda. Wakili alimuuliza Kalekye ni nani aliyetayarisha kibao, akasema ni yeye. Akamuuliza kama kilionyesha kina kilipimwa kutoka wapi, akasema hapana. Wakili alishageuza ukurasa, tayari kwenda kwenye swali lingine, na hapo Kalekye angeweza kunyamaza.

"Maandishi hayo yalikuwepo," alisema. "Niliyafuta."

Mwenyekiti wa kamati akamuuliza kwa nini.

"Niliambiwa kibao kimejaa. Lakini nilipoyafuta nilikuwa najua maana yake. Mimi nilijua, na nahodha hakujua. Asingeweza kujua kwa kusoma kile kibao."

Ilibidi aeleze na kueleza tena, maana wajumbe wengi hawakuwahi kusikia kwamba bahari ina mianzo miwili ya kuhesabiwa. Aliwachorea ubaoni. Chaki ilimvunjikia mkononi. Waithera alipoulizwa baadaye alisema hakumbuki kama alitoa agizo hilo, na huenda ndivyo ilivyokuwa kweli, kwa kuwa siku ile alikuwa mbioni. Walipokuwa wakitoka ukumbini walikutana mlangoni. Waithera alimsogelea kama anayetaka kumshika mkono, kisha akapita.

Ripoti ilipotoka ilimgusa kila mtu kidogo. Hemed alinyang'anywa leseni kwa kubeba watu kupita kiasi. Ofisi ya wahandisi ilionywa, ikaagizwa itengeneze kibao kipya kwa gharama yake. Mchoraji alitajwa mahali pamoja, bila jina. Magazeti yaliandika siku hiyo tu, tena kwamba nahodha amepatikana na makosa. Kuhusu kulala usukanini hakikuandikwa kitu, kwamba ni kweli au si kweli.

Mkataba wa Kalekye ulipokwisha haukuongezwa. Hakufukuzwa, alifanyiwa keki na kupewa saa ya ukutani. Tangu hapo amekuwa akichora nyumba za watu binafsi upande wa Uthiru na Kikuyu, vyoo, kuta za ua, vibanda vya kupangisha. Kazi hiyo anaifanya vizuri. Wateja wake hulalamika kwamba michoro yake ina maandishi mengi.

Kutoka Uthiru hadi Kangemi si mbali, na Jumapili nyingine baada ya kanisa alikuwa akipita kumjulia hali Hemed. Nisreen alimpokea vizuri, ingawa kwa mbali, akimwita dada na kumtilia chai bila kuketi naye. Mzee aliishi chumba cha mbele. Baridi ya Julai ilimtesa. Alikaa na koti juu ya kanzu na blanketi magotini. Kazi hakuwa nayo. Alijaribu kumsaidia jamaa mmoja wa pwani kuuza vitambaa mjini, lakini miguu ilianza kuvimba na sukari ikamkamata.

Hawakuzungumza sana. Wakati mwingine alimuuliza Kalekye maswali ya kazi yake ya zamani: boma hujengwa vipi lisisombwe, mchanga huendaje, kwa nini mlango ulipindishwa vile. Alipoelezwa alikuwa akisema ni hesabu nzuri. Siku moja Kalekye alijikaza akamuomba msamaha kwa maneno, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku ya River Road.

"Sehemu yangu nimekupa," alisema Hemed. "Walobaki ni wale saba, na mimi siwezi kuwasemea."

Alimweleza pia kwamba Khamisa, mamake Fahim, hapokei simu zake. Alipompigia kumsomea yale aliyoyasema Kalekye mbele ya kamati, dadake alimwambia anatafuta wa kumtwika lawama, akakata. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala Hemed alipiga, na kila Ijumaa simu iliita mpaka ikanyamaza.

Alifariki hospitalini wakati wa mvua za masika, mguu mmoja ukiwa umeshakatwa. Nisreen alimpigia Kalekye asubuhi, akamwambia mazishi ni alasiri ileile. Wanaume walimpeleka makaburini. Kalekye alibaki Kangemi na wanawake, mtandio kichwani, akiosha vikombe kwa sababu hakujua dua na alitaka kuwa na la kufanya mikononi.

Khamisa alifika usiku kwa basi la kutoka pwani, wakati mazishi yameshapita. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye uso wa kaka yake. Nisreen alimkumbatia, wakalia pamoja, kisha akapewa mkeka akaketi. Baadaye alinyanyuka akaja jikoni, akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye mchoraji," alisema.

Kalekye alisema ndiye, akaanza kutafuta maneno. Khamisa alimzuia kwa mkono. Alisema hana haja ya kuelezwa bamvua, kwao mtoto huijua kabla hajajua kusoma. Ile habari ya kibao aliifahamu siku ileile Hemed alipompigia. Aliifahamu vizuri sana.

"Nilijua anasema kweli," alisema. "Lakini ningemwamini ningebaki na nani wa kumkasirikia? Na kibao si mtu."

Aliketi juu ya kigoda cha jikoni. Kalekye alimtilia kahawa, naye akakishika kikombe bila kunywa. Akasimulia, kama mtu anayejisemea, habari za Kijitoni. Kibao kipya kimewekwa, kina maneno mengi, hata saa za maji zimo. Lakini vyombo haviingii tena pale. Manahodha waliogopa, abiria nao wakakataa, na kwa kuwa hakuna anayeutumia wala kuusafisha, mlango umejaa mchanga. Watoto hucheza mpira juu yake maji yakikupwa. Watu wamerudia ya zamani, kuteremka majini na mizigo vichwani. Yeye mwenyewe aliondoka kijijini hivyo, viatu mkononi, nguo ya msiba ikiwa imelowa mpaka magotini.

Kalekye alimuuliza mjukuu wake anaendeleaje. Khamisa akasema mtoto ameanza kusema, mamake amemchukua kwao Malindi, na hamwoni mara kwa mara.

Chumbani wanawake walikuwa wakisoma kwa sauti ya chini, na nje mvua ilikuwa imeanza tena kugonga mabati. Khamisa aliuliza kama kaburi liko mbali, na kama kuna gari la kumfikisha asubuhi. Kalekye alimwambia njia ni ya kubadilisha gari mjini, mgeni anaweza kupotea, na kwamba kesho hana kazi.

"Basi utanipeleka," alisema Khamisa.

Asubuhi walikwenda. Nisreen aliwafungia mkate na chupa ya chai. Kaburi lilikuwa la udongo mwekundu, bado halijakauka, na maji ya mvua yalikuwa yametuama upande wa miguuni. Khamisa alisoma dua yake akiwa amesimama nje ya uzio wa makaburi, kisha akaketi juu ya jiwe akalia, kwa muda mrefu, akimtaja kaka yake na mwanawe kwa jina, mmoja baada ya mwingine. Kalekye alisimama hatua chache nyuma, akimshikia mkoba wake.